Mpaka wa Maji na Haki ya Makao: Ziwa Victoria, Watu wa Magu na Wajibu wa Kanisa

Utangulizi

Mwaka 2006, tukiwa bado vijana katika utumishi, tulisimamia ujenzi wa kanisa dogo la mtaa karibu na mwalo mmoja wa Ghuba ya Speke, katika Wilaya ya Magu. Ziwa Victoria lilikuwa limerudi nyuma sana mwaka ule, na uwanda mpana wa mchanga ulikuwa wazi. Wavuvi walikuwa wamekwisha kujenga hapo, nasi tuliona ni vema Neno liwafuate waliko. Mzee mmoja wa usharika, mzaliwa wa pale pale, alituonyesha mkuyu uliosimama mbali juu ya kiwanja chetu, akasema kwamba katika mafuriko ya miaka ya Uhuru mitumbwi ilifungwa kwenye mizizi yake. Tulimshukuru kwa adabu, kisha tukaendelea kuchimba msingi.

Mwezi Mei 2020 maji yaliingia katika kanisa lile na kufika madhabahuni. Nyumba za Wakristo zilizolizunguka zilikuwa zimetangulia kuanguka, maana zilijengwa kwa matofali mabichi. Mzee yule alikuwa amekwisha kulala katika Bwana.

Kisa hiki twakieleza kwa kuwa kinabeba swali ambalo wachungaji wengi wa kanda ya ziwa wanalikabili, nalo halijajadiliwa vya kutosha katika vyuo vyetu. Je, ni ziwa lililovuka mpaka wake, au ni sisi? Na ikiwa ni sisi, ni nani atakayebeba gharama ya kurudi nyuma? Makala hii inakusudia kueleza jinsi ziwa linavyopanda na kushuka, kuchunguza sheria na siasa zinazohusu makao ya kando ya ziwa, na kisha kuuliza ni nini kinachotupasa mbele ya Mungu na jirani.

1. Ziwa na kumbukumbu yake

Siku hizi kuna habari nyingi za kupanda kwa maji ya bahari. Habari hizo ni za kweli. Wataalamu wanakadiria kwamba uso wa bahari duniani ulipanda kwa sentimita 20 hivi kati ya mwaka 1901 na 2018. Katika pwani yetu wenyewe, kisiwa cha Maziwe karibu na Pangani, ambacho zamani kilikuwa na miti, sasa ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yajaapo. Lakini mhubiri wa Magu asichanganye mambo. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na kupanda kwa bahari hakuwezi kulijaza.

Ziwa letu ni kama sinia pana lililowekwa mvuani. Eneo lake ni kilomita za mraba 68,800 hivi, na zaidi ya sehemu nne katika tano za maji yanayoingia ni mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe. Mito kama Kagera, Mara na Simiyu huongeza sehemu iliyobaki. Maji mengi hutoka kwa kuvukizwa na jua, na mengine hutoka kwa njia moja tu, yaani Mto Nile pale Jinja, nchini Uganda. Kwa hiyo miaka michache ya mvua nyingi hulijaza sinia, na miaka michache ya ukame hulipunguza.

Kimo cha maji hupimwa pale Jinja kutoka alama maalumu isiyobadilika. Hesabu ya vipimo hivyo si kina cha ziwa, bali ni umbali wa uso wa maji kutoka alama ile. Mvua kubwa zilizoanza mwaka 1961 zilipandisha ziwa kwa zaidi ya mita 2, hata mwezi Mei 1964 kimo kikafika mita 13.41. Baadaye maji yalishuka polepole. Mwaka 2006 yalikuwa chini kuliko watu wengi walivyopata kuona, kwa sababu ya ukame na pia kwa sababu maji mengi mno yalikuwa yameachiliwa kupita katika mitambo ya umeme ya Jinja. Ndipo zikaja mvua za mwisho wa mwaka 2019. Katika muda wa miezi sita hivi ziwa lilipanda karibu mita 1.2, na mwezi Mei 2020 likafika mita 13.42. Mwaka 2024 lilipanda tena na kufurika katika nchi zote tatu zinazolizunguka.

Tuangalie vizuri hesabu hizi. Kati ya kimo cha 1964 na kile cha Mei 2020 tofauti ni sentimita moja. Ziwa lilirudi kwenye alama yake ya zamani, kama mwenye shamba arudiye baada ya safari ndefu na kukuta watu wamejenga ndani ya boma lake.

Je, mabadiliko ya tabianchi hayahusiki? Yanahusika. Uchunguzi wa kisayansi uliochapishwa mwaka 2024 ulikadiria kwamba joto la dunia lililosababishwa na wanadamu liliongeza uwezekano wa tukio kama lile la 2020 kwa karibu mara mbili, na kwamba liliongeza kimo cha maji kwa sentimita 7 hivi. Hizo sentimita 7 ni dhambi halisi ya mataifa tajiri, wala tusiinyamazie. Lakini maji yaliyoingia nyumbani mwa watu wetu yalikuwa mengi kuliko hayo. Sehemu kubwa ya maafa ilitokana na mahali tulipojenga. Anayesema kila kitu ni kosa la viwanda vya Ulaya anatuondolea wajibu wetu, naye anayesema ziwa halijabadilika hata kidogo anawaondolea wengine wa kwao.

2. Walioko kando ya maji

Mtu wa mbali huuliza upesi: kwa nini watu wanajenga mahali panapofurika? Swali hilo halifai kuulizwa kabla ya kujua walifikaje pale.

Wasukuma wa zamani walikuwa na elimu yao ya ardhi. Juu, karibu na majabali, kuna udongo mwepesi wa kichanga uitwao luseni. Huko ndiko walikojenga nyumba. Chini yake yalifuata mashamba, na bondeni kabisa ilikuwa mbuga yenye udongo mweusi, mahali pa malisho na, baadaye, pa mpunga. Bonde lilikuwa la kutumika, si la kulala. Mpangilio huo haukuandikwa katika sheria yoyote, lakini kila mtoto aliufahamu. Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 iliuvunja mahali pengi, kwa kuwa watu walikusanywa katika vijiji vipya na nyumba zikapangwa kwa mistari kufuata barabara.

Kisha akaja sangara. Kuanzia miaka ya 1980 samaki huyu alienea katika ziwa lote, na katika miaka ya 1990 viwanda vya Mwanza vilikuwa vikisafirisha minofu yake hadi Ulaya. Mialoni palipokuwa na vibanda vya msimu pakawa vijiji vya kudumu. Walikuja vijana wasio na ardhi, wajane, na watu kutoka mikoa ya mbali. Mvuvi hulala karibu na mtumbwi kwa sababu nyavu na injini zinaibwa. Mama anayeanika dagaa hukaa karibu na mchanga kwa sababu mvua ya ghafula ikinyesha, mtaji wake wote unaoza. Ardhi ya juu ina wenyewe, na kodi yake ni kubwa. Chini kulikuwa na nafasi, hasa katika miaka ile maji yalipokuwa yamerudi nyuma.

Katika Magu hali ya nchi yenyewe inaongeza hatari. Mto Simiyu unaingia ziwani katika Ghuba ya Magu, ukipita uwanda ulio karibu tambarare. Ziwa likiwa juu, maji ya mto hayapati mahali pa kutokea, nayo hurudi nyuma na kutanda mashambani. Hivyo mwenye nyumba anaweza kupigwa na maji kutoka mbele na kutoka nyuma kwa wakati mmoja. Mafunjo na matete ambayo zamani yalipunguza nguvu ya mawimbi yamefyekwa mahali pengi ili kupata bustani.

3. Mita sitini

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufuo wa ziwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 pia inaitaja ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ufuo kuwa miongoni mwa ardhi inayoweza kutangazwa kuwa ya hatari. Nchini Uganda kanuni za mwaka 2000 zimeweka mita 200 kwa Ziwa Victoria. Shabaha ya sheria hizi ni njema, lakini mita 60 zahesabiwa kutoka wapi? Kifungu kile hakitaji mwaka wala kimo cha maji.

Tuchukue mfano wa hesabu rahisi. Katika ufuo ulio tambarare, ambapo nchi inainuka mita 1 kwa kila mita 100 za mwendo, maji yakipanda mita 2 yanaingia nchi kavu mita 200. Mtu aliyepima mita zake 60 kwa uaminifu mwaka 2006, na kujenga hatua moja nyuma yake, alijikuta mwaka 2020 ndani ya ziwa, ingawa hakuvunja sheria. Kinyume chake, mwenye nyumba juu ya majabali ya mji wa Mwanza anaweza kuwa mita 30 tu kutoka majini na asiguswe na tone. Sheria inapima kwa ulalo jambo ambalo ziwa linalipima kwa wima.

Hapo ndipo siasa inapopata mlango. Mpaka usiojulikana unamfaa mwenye nguvu. Akitaka kura, mpaka uko mbali, na wananchi wanaambiwa wakae kwa amani. Akitaka eneo kwa hoteli au kwa gati, mpaka uko karibu, na alama nyekundu zinachorwa kutani. Maji yalikuwa juu Mei 2020, na Oktoba mwaka ule ule ukafanyika uchaguzi mkuu. Yalikuwa juu tena mwaka 2024, na mwezi Novemba ukafanyika uchaguzi wa serikali za mitaa. Katika majira ya namna hiyo ni mgombea gani angesimama mwaloni kuwaambia wapiga kura kwamba nyumba zao zimejengwa ndani ya ziwa? Wala tusiwalaumu wanasiasa peke yao. Sisi wenye mimbari, ambao hatupigiwi kura, nasi hatukusema.

Dar es Salaam inatufundisha jambo. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40, baadhi ya wakazi wa Bonde la Msimbazi walihamishiwa Mabwepande, mbali na kazi zao. Mwezi Desemba 2015 serikali ilianza kubomoa nyumba bondeni, na familia nyingi zikabaki bila mahali pa kulala wakati wa mvua. Katika miaka ya karibuni, chini ya mradi mpya wa bonde lile lile, wakazi walithaminiwa mali zao na kulipwa fidia. Bonde ni moja na hatari ni ile ile. Tofauti iko katika swali kama mwenye nyumba alihesabiwa kuwa mkosaji au raia. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 24, inalinda haki ya mtu kumiliki mali na kupata fidia ya haki anaponyang'anywa. Hata ardhi ya hatari haitangazwi na kuwaondoa wakaaji wake kwa tamko la jukwaani.

4. Mwanga wa Maandiko

Waumini wakati wa mafuriko huuliza maswali mawili. La kwanza: je, Mungu hakuahidi katika Mwanzo 9 kwamba gharika haitarudi? Ahadi ile inahusu kuangamizwa kwa nchi yote. Haikuahidi kwamba nyumba iliyojengwa mkondoni haitaingiwa na maji. La pili: je, hii ni adhabu ya dhambi za wavuvi? Kwa hilo Bwana wetu amekwisha kujibu. Waliouawa na mnara wa Siloamu hawakuwa wakosaji kuliko wakaaji wengine wa Yerusalemu (Luka 13:1–5). Mhubiri anayeikazia macho miji ya mialoni kana kwamba ni Sodoma amewasahau walioazima fedha zao ili kuweka bati lililokwenda na mawimbi.

Maandiko yanasema kwamba maji yana mpaka uliowekwa na Muumba (Ayubu 38:8–11, Yeremia 5:22). Yanasema pia kwamba ni dhambi kuiondoa alama ya mpaka ya jirani iliyowekwa na wa kwanza (Kumb. 19:14). Tumezoea kuitumia aya hiyo kwa ugomvi wa mashamba. Yafaa tuisome tena. Mkuyu wa mzee wetu ulikuwa alama ya mpaka. Tulipoudharau hatukuwaibia wengine ardhi, lakini tuliwaibia ujuzi ambao ungewaokoa.

Kumb. 22:8 yatupa neno la wazi zaidi. Ajengaye nyumba mpya ameamriwa kuweka ukuta wa pembeni darini, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Hii ni sheria ya ujenzi, nayo imewekwa kabla mtu hajaanguka. Inamfundisha mjenzi kwamba usalama wa mgeni wake ni sehemu ya uchaji wake kwa Mungu. Lakini karibu na amri hiyo hatuna budi kuweka habari ya Nabothi (1 Wafalme 21). Ahabu naye alikuwa na sababu nzuri za kulitaka shamba la mizabibu. Amri ya usalama mkononi mwa Ahabu huwa chombo cha unyang'anyi. Kanisa linalofundisha Kumbukumbu la Torati bila Nabothi litakuwa mpiga debe wa wabomoaji, na linalofundisha Nabothi bila Kumbukumbu la Torati litawaacha watu wake wazame wakiimba.

Martin Luther atusaidia katika mambo mawili. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, anapoeleza ombi la mkate wa kila siku, anahesabu ndani yake nyumba, shamba, hali njema ya hewa na serikali njema. Katika Katekisimo Kubwa anasema ingefaa nembo ya mtawala mwema iwe na mkate badala ya simba. Kwa hiyo kuuliza habari za viwanja na ramani si kuuacha wito wa kiroho. Ni kuomba Baba Yetu mpaka mwisho. Tena, katika waraka wake wa mwaka 1527 juu ya kuikimbia tauni, anawajibu waliodhani kwamba kujiokoa ni kukosa imani: mtu aliyeanguka katika maji ya kina hatendi dhambi akiogelea. Lakini anaongeza kwamba mchungaji na mtawala hawana ruhusa ya kuwakimbia wale waliowekwa chini ya ulinzi wao. Kuhama kutoka majini ni halali, lakini si halali kuhama na kumwacha jirani.

5. Yanayowezekana

Yapo mambo ambayo usharika waweza kuyafanya bila kungoja mradi wala mfadhili.

Kwanza, alama iwekwe. Mstari wa maji wa mwaka 2020 ungali unajulikana kwenye kuta, kwenye miti na katika kumbukumbu za watu, lakini miaka kumi ijayo utakuwa hadithi. Wazee wa kanisa na wazee wa kijiji watembee ufuoni pamoja, waweke mawe, na kuomba mkutano mkuu wa kijiji uuingize mstari huo katika mpango wa matumizi ya ardhi. Mpaka ulioandikwa ni mgumu kusogezwa, wakati wa kura na baada ya kura.

Pili, kazi itengwe na malazi. Chini ya mstari pabaki mitumbwi, vichanja vya dagaa na bustani. Juu yake walale watoto. Huo ndio mpangilio wa luseni na mbuga tuliorithi. Ili uwezekane, vikundi vya usimamizi wa uvuvi viandae ulinzi wa pamoja wa nyavu na injini, maana bila huo hakuna mvuvi atakayekubali kulala mbali.

Tatu, Kanisa litangulie. Sharika zetu nyingi zina viwanja vikubwa mlimani, baadhi yake vikiwa vimelala kwa miaka. Si haki tuwaambie maskini wapande huku ardhi yetu imezungushiwa katani.

Nne, mchungaji asimame na wanaohamishwa. Na aangalie kwamba wajane na wapangaji wameandikwa, kwa maana mara nyingi orodha huandikwa kwa jina la mwenye nyumba, na mpangaji aliyepoteza kila kitu hana jina.

Hitimisho

Tuliuliza ni nani aliyevuka mpaka. Jibu letu ni kwamba ziwa halikuvuka. Waliovuka ni watu waliosukumwa na uhaba wa ardhi, wakavutwa na samaki, na kuhakikishiwa amani na viongozi wa serikali na wa Kanisa waliokuwa na uwezo wa kujua. Kwa sababu hiyo gharama ya kurudi nyuma haiwezi kuwa ya wavuvi peke yao.

Mtaa ule una kanisa jipya sasa, juu ya mkuyu. Lilijengwa kwa sadaka za sharika nyingine, na ibada ya kulizindua ilikuwa ya furaha. Lakini maji yaliposhuka, baadhi ya familia zilirudi zikajenga pale pale penye magofu, kwa kuwa hakuna aliyewapa kiwanja kingine. Kila Jumapili wanapanda kilima kuja kusali nasi, na baada ya baraka wanateremka kwenda kulala chini ya mstari wa maji. Maadamu wanateremka, kazi yetu pale haijakwisha.